Kopo Linazama, Kizibo Kinaelea: Biashara ya Taka Inakoelekea

Upande wa Tabata, jijini Dar es Salaam, kuna stoo ya skrepa ninayoipita mara kwa mara nikitoka sokoni. Ni uwanja mdogo uliozungushiwa mabati, ndani yake mna mizani ya kuning'inia, marundo ya viroba na harufu ya soda iliyochacha. Asubuhi moja mama mmoja alifika amebeba kiroba cha makopo, yaani chupa za plastiki za maji na soda, kikubwa kuliko yeye mwenyewe. Kijana wa mizani alikifungua, akazamisha mkono mpaka chini, akatoa chupa tatu. Moja ilikuwa na mabaki ya mafuta ya kula. Ya pili ilikuwa ya kijani. Ya tatu ilijaa maji ya mvua na tope. Akakimwaga kiroba chote chini, akaanza kuchambua moja moja. Mama akasimama pembeni, anafuta jasho kwa ncha ya kanga, kilo zake zinapungua anaziona.

Chupa tupu ya maji ya nusu lita ina uzito wa gramu 10 hadi 20. Kilo moja, basi, ni chupa 50 mpaka 100, na kila moja mtu ameiinamia, ameiokota na kuikanyaga ili ipungue ukubwa. Kupoteza kilo tatu kwenye mizani ni kupoteza nusu siku.

Hata hivyo kijana yule hakuwa mkorofi. Geuza chupa yoyote uitazame kitako, utaona pembetatu yenye namba ndani. Mwili wa chupa ya maji ni plastiki namba 1. Kizibo chake ni namba 2 au 5. Lebo huwa ya aina nyingine tena. Hizi zote tunaziita plastiki, ila kiwandani hazipikiki chungu kimoja. Chupa husagwa kuwa chenga, kisha chenga humwagwa kwenye tangi la maji, na hapo maji yenyewe ndiyo yanayochambua: mwili wa chupa ni mzito kuliko maji, unazama, kizibo ni chepesi, kinaelea. Njia hii ni rahisi na inafanya kazi vizuri, mradi kinachoingia kiwe safi. Mafuta hung'ang'ania chenga. Rangi ya kijani huwezi kuitoa tena. Na plastiki namba 3, ile ya mabomba, inazama pamoja na namba 1, kisha kwenye joto la kuyeyushia huungua na kuacha madoa kwenye mzigo wote. Mwenye kiwanda akikuta hivyo anashusha bei, mwenye stoo naye anashusha, na hasara inateremka ngazi kwa ngazi hadi kumfikia mama mwenye kanga.

Tukizungumzia taka za kesho, wengi wetu tunakimbilia mitambo: ya kuchoma taka izalishe umeme, ya kuchambua kwa kamera, ya kugeuza plastiki kuwa mafuta. Mimi nimekaa karibu na mizani ile muda wa kutosha kuamini kwamba hatima ya kazi hii inaamuliwa mapema zaidi, kwenye ndoo ya jikoni, ganda la ndizi lenye unyevu linapotupwa juu ya chupa iliyokuwa kavu.

Biashara mbili ndani ya gari moja

Neno "biashara ya taka" limebeba biashara mbili zenye mapato yanayotoka pande tofauti. Ya kwanza ni ya kuondoa. Nalipa ada kila mwezi ili uchafu wangu utoke mbele ya macho yangu. Anayelipwa hana haja ya kujua kirobani mna nini. Faida yake ni kujaza gari upesi, kumwaga na kurudi kabla mafuta hayajamla. Ya pili ni biashara ya mali: chuma chakavu, makopo, maboksi, alumini. Anayelipa hapa yuko mwisho wa mnyororo, kiwandani, na analipia kilo ya kitu kilichochambuliwa kikawa safi.

Biashara hizi zinaumizana kila siku. Gari la taka linapochanganya kila kitu na kukishindilia, linaua mali ya wale wa pili. Boksi likishalowa mchuzi wa maharage halirudi kuwa karatasi ya maana. Ndiyo maana utaona watu wakikimbia mbele ya gari alfajiri, wanafungua viroba vilivyowekwa barazani na kuchomoa makopo kabla hayajashindiliwa, na wenye nyumba wanawafokea kwa kuchafua. Wale ndio wanaookoa mali.

Mwokota makopo analipwa na biashara ya pili peke yake, ila anaifanyia kazi ya kwanza pia. Kila kilo anayoitoa mtaani ni kilo ambayo halmashauri haikuisafirisha, na ni nafasi ambayo dampo halikuipoteza. Kwa huduma hiyo hapati senti. Bei ya plastiki ikianguka anahamia kwenye chuma, kama ambavyo mtu yeyote mwenye akili angefanya, na makopo yanabaki mtaroni kusubiri masika. Mto Msimbazi unapofurika na kuifunga barabara ya Jangwani, sehemu ya kinachoziba njia ya maji ni plastiki ambayo mwezi ule haikuwa na bei.

Ipo miji iliyolitambua jambo hili. Bogotá nchini Colombia, baada ya waokota taka kupigania haki yao hadi Mahakama ya Katiba, jiji lilianza mwaka 2013 kuwalipa kwa tani wanazozirudisha viwandani, fedha ya huduma ya usafi, mbali na bei wanayopewa na mnunuzi. Pune nchini India, ushirika wa waokota taka, wengi wao wanawake, umekuwa na makubaliano na manispaa tangu 2008: wanapita nyumba kwa nyumba, kaya zinawalipa ada, na kinachouzika ni chao. Hapa kwetu Bonyokwa kuna ushirika wa wakusanya taka uliosimama kwa kushirikiana na shirika la Nipe Fagio, nao unakusanya taka majumbani na kuzichambua palepale mtaani. Ni kidogo ukilinganisha na ukubwa wa jiji, lakini muundo wake ndio ninaouona kuwa sahihi: anayeondoa na anayeuza ni mtu yuleyule, kwa hiyo ana sababu ya kukuomba usichanganye.

Kila jaa lilikuwa mbali lilipoanza

Mwaka 2018 Benki ya Dunia ilikadiria kwamba dunia ilikuwa inazalisha tani bilioni 2.01 za taka za mijini kwa mwaka, na kwamba ikifika 2050 zitafika bilioni 3.4. Kusini mwa Sahara ndiko ongezeko litakuwa kali kuliko kwingine, karibu mara tatu. Wastani wa mtu mmoja kwetu ulikuwa kilo 0.46 kwa siku. Sensa ya 2022 iliikuta Dar es Salaam ina watu 5,383,728. Ukizidisha unapata karibu tani 2,500 kila siku, na hiyo ni hesabu ya chini, kwa kuwa mtu wa mjini hutupa zaidi ya wastani. Kwa magari ya tani 10, ni safari 250 kila siku inayopambazuka, Idi na Krismasi zikiwemo.

Yaende wapi? Wazee wa Tabata wanaikumbuka hadithi hii vizuri. Jalala la jiji lilikuwa kwao, moshi na inzi usiku na mchana, mpaka mwaka 1988 wakaazi walipokwenda Mahakama Kuu kuishtaki Halmashauri ya Jiji. Wakashinda. Halmashauri ikaomba muda, ikaomba tena, ikaendelea kumwaga. Mwaka 1991 Jaji Lugakingira alikataa kuongeza muda, akasema hajapata kusikia popote mamlaka ya umma ikienda mahakamani kuomba ruhusa ya kuchafua mazingira na kuhatarisha maisha ya watu. Kesi ile husomwa na wanafunzi wa sheria hadi leo, kwa kuwa iliifungamanisha haki ya kuishi iliyomo kwenye Katiba na hewa anayoivuta mtu.

Jalala likahamia Vingunguti, na Vingunguti nao wakalalamika. Likaenda Mtoni. Sasa liko Pugu Kinyamwezi, zaidi ya kilomita 30 kutoka katikati ya jiji, na nyumba tayari zimelisogelea. Kila hatua imelisukuma jaa mbali zaidi, na kila kilomita inayoongezeka huliwa na mafuta ya gari. Mkandarasi ambaye zamani alikwenda safari tatu kwa siku sasa akijitahidi anakwenda mbili, ada ni ileile, na tofauti ile inaonekana mtaani kwenu kama viroba vilivyokaa wiki nzima barazani. Tunadhani ni uzembe. Mara nyingi ni umbali.

Umbali huo ndani yake umejaa maji. Kwenye nchi za kipato cha chini zaidi ya nusu ya taka za mijini ni mabaki ya chakula na majani. Tazama ndoo yako: maganda ya ndizi na viazi, mizizi ya mchicha, machicha ya nazi, ukoko wa ugali, kokwa za embe. Tunalipia dizeli kuyabeba maji yaliyomo kwenye maganda hadi Pugu.

Kinachooza

Hapa ndipo ningependa msomaji akae kidogo, kwa sababu mjadala wa taka umetekwa na plastiki, na plastiki ni sehemu ndogo ya uzito wa rundo.

Ganda la ndizi likitupwa juani linanyauka na kuishia hapo. Likifukiwa chini ya tani nyingine za taka, hewa haifiki, na vijidudu vinavyoishi pasipo hewa hulioza na kutoa methani. Kwa kipindi cha miaka 20, methani huipasha dunia joto zaidi ya mara 80 kuliko uzito uleule wa kaboni dioksidi. Gesi hiyo ikipata cheche, dampo linaungua chini kwa chini kwa majuma, na moshi wake ni wa kila kitu kilichomo, plastiki zikiwemo. Wakati huohuo maji meusi yanachuruzika chini ya rundo kuelekea mitoni na visimani.

Rundo la namna hiyo pia si imara. Linavimba kwa gesi, linanyonya mvua, na kama halikukatwa ngazi na kushindiliwa, siku moja linaporomoka. Machi 2017 dampo la Koshe, Addis Ababa, liliporomokea nyumba na kuua zaidi ya watu 100. Februari 2018 ikawa Hulene, Maputo, watu 17. Agosti 10, 2024 ikawa Kiteezi, Kampala, baada ya mvua kubwa, na waliofukuliwa wamekufa walizidi 30. Miji mitatu, maelezo yaleyale: chakula kibichi kilichorundikwa kwa miaka juu ya eneo lililokwisha kujaa.

Na chakula hicho kina soko. Kuna inzi mweusi, mwembamba kama nyigu, anayejulikana kama inzi askari. Akishakomaa hali chakula, kwa hiyo hana sababu ya kutua kwenye sahani yako. Anaishi siku chache, anataga, anakufa. Funza wake ndio wenye kazi. Wakiangua, baada ya siku nne hivi, wanamwagiwa mabaki ya chakula yaliyosagwa, na kwa muda wa wiki mbili wanayala mchana na usiku. Ukiinamia beseni lao unasikia mchakacho kama mvua nyepesi juu ya bati. Wakinenepa wanachekechwa, wanakaushwa, wanasagwa. Uzito wao mkavu una karibu asilimia 40 ya protini. Kinachobaki kwenye beseni ni mbolea.

Mfugaji wa kuku ataelewa mara moja uzito wa jambo hili. Protini ya chakula cha kuku na samaki wa kufuga hutoka kwa sehemu kubwa kwenye soya na dagaa, na dagaa wale wale wa Ziwa Victoria ndio kitoweo cha maskini. Kila kiroba cha funza kinachoingia kwenye mashine ya chakula cha kuku ni dagaa waliobaki kwa binadamu. Nairobi, Arusha na Dar es Salaam tayari zipo kampuni zinazofuga funza hawa kibiashara. Mimi nikiulizwa ni kipande gani cha biashara hii kitakua haraka zaidi katika miaka kumi ijayo Afrika Mashariki, nitakitaja hiki, mbele ya plastiki.

Mboji ni njia nyingine, ya zamani na ya bei nafuu, ila ina mzigo wake. Ni nzito na bei yake kwa kilo ni ndogo, kwa hiyo hailipi kuisafirisha mbali. Kinondoni kuna kiwanda cha mboji Mabwepande, matunda ya ushirikiano wa Dar es Salaam na jiji la Hamburg, na kinategemea sana taka za sokoni. Ni uamuzi mzuri, kwani sokoni majani yanakuja majani. Mkulima akikuta kipande cha kioo kwenye mboji mara moja tu, harudi. Funza naye hachuji sumu: kama mabaki yalichanganyika na betri, sumu kama kadimi huingia mwilini mwake na kumfuata kuku. Tumerudi kwenye ndoo ya jikoni.

Moto unaotaka kulishwa

Kila baada ya muda hutangazwa mpango wa kuchoma taka ili kupata umeme. Unavutia, kwa sababu unaahidi kutuondolea vyote viwili kwa mpigo, uchafu na giza. Jaribu lakini kuwasha jiko la mkaa kwa maganda mabichi ya ndizi. Moto unatumika kwanza kukausha maji. Mtambo wa kuchoma taka unahitaji taka zenye nishati ya takriban megajuli 7 kwa kilo ndipo ziungue zenyewe bila kuongezewa mafuta, na taka zetu zilizolowa mara nyingi hazifiki hapo. Ulaya zinafika kwa kuwa kapu lao limejaa karatasi na vifungashio vikavu.

Addis Ababa walijenga, pale pale Koshe. Mtambo wa Reppie ulizinduliwa Agosti 2018, umesanifiwa kumeza tani 1,400 kwa siku na kuzalisha megawati 25, kwa gharama ya zaidi ya dola milioni 100. Si kitu cha kudharau, na jiji lililozika watu wake chini ya taka lina haki ya kutafuta jibu la haraka. Shaka yangu iko kwingine. Mtambo wa namna hii hujengwa kwa mkopo wa miaka 20 au zaidi, na kwa miaka yote hiyo lazima ulishwe. Uswidi huagiza taka kutoka nchi jirani ili mitambo yake isilale njaa. Kinachoungua vizuri ni karatasi na plastiki kavu, yaani mali ileile ya mwokotaji. Jiji likishasaini mkataba wa kupeleka tani kadhaa kila siku, kila kopo analookota yule mama linakuwa upungufu kwenye mkataba.

Plastiki, mafuta na chupa ya soda

Baadhi ya taka hazihitaji mtetezi. Alumini ikiyeyushwa upya huokoa karibu asilimia 95 ya nishati ya kuitengeneza kutoka kwenye madini, hivyo sufuria iliyotoboka haikai barabarani hata saa moja. Chuma vivyo hivyo. Shida ni plastiki. Watafiti waliohesabu plastiki yote iliyotengenezwa duniani hadi 2015 walipata tani bilioni 8.3, na katika iliyokuwa imekwisha kuwa taka ni asilimia 9 tu iliyorejelezwa.

Sababu kubwa ni bei. Plastiki mpya hutokana na mafuta na gesi, kwa hiyo mafuta yakishuka, plastiki mpya inakuwa rahisi, na chenga zilizookotwa, zikachambuliwa, zikaoshwa kwa jasho la watu wengi zinakosa mnunuzi. Mwokotaji wa Manzese, pasipo kujua, anashindana na visima vya Ghuba ya Uajemi. Halafu plastiki huchoka. Chupa mara nyingi hugeuzwa nyuzi za zulia au nguo, na zulia hilo likichakaa ndio mwisho wa safari.

Kwa miaka mingi nchi tajiri zilikwepa hesabu hii kwa kusafirisha. Tangu 1992 China ilikuwa imepokea karibu nusu ya taka za plastiki zilizouzwa kati ya nchi na nchi. Januari 2018 ikafunga mlango, na shehena zikaanza kusaka bandari nyingine, Malaysia na kwingineko. Ndipo Mkataba wa Basel, unaosimamia usafirishaji wa taka hatari kati ya nchi na nchi, ukarekebishwa, na kuanzia Januari 1, 2021 plastiki chafu au iliyochanganyika haipaswi kuingia nchini mwa watu bila idhini yao ya maandishi. Ni ulinzi unaohitaji ofisa forodha anayefungua kontena.

Upande wetu tulipiga marufuku. Rwanda 2008, Kenya Agosti 28, 2017, Tanzania Bara Juni 1, 2019. Zanzibar ilishatangulia tangu 2006. Ile mifuko ya rambo iliyokuwa ikining'inia kwenye miiba kama maua imepotea, na mimi nashukuru. Ila mifuko mbadala inayofanana na kitambaa, wengi hawajui, ni plastiki namba 5 iliyofanywa nyuzi. Ni mizito, inatumika mara nyingi, hilo ni nafuu. Ikichanika inakwenda kulekule.

Marufuku inafaa kwa kitu kimoja kinachojulikana. Kwa chupa na vifungashio tunahitaji kanuni nyingine: aliyekitengeneza alipie mwisho wake. Kenya imeiandika kanuni hii kwenye Sheria ya Usimamizi Endelevu wa Taka ya 2022, pamoja na sharti la kutenganisha taka zinakotoka. Ujerumani iliigeuza kuwa senti mkononi: tangu 2003 chupa nyingi za plastiki hulipiwa rehani ya senti 25 za yuro unaponunua, na unarudishiwa ukiirudisha. Zaidi ya chupa 95 katika kila 100 hurudi, na hurudi safi.

Tunaposimuliwa haya tunadhani ni ugenini. Nani aliyekulia hapa hakuulizwa na mwenye duka, "Umekuja na chupa?" Soda ya chupa ya kioo ulinywea dukani, au uliacha hela ya chupa, na mtoto aliyeivunja njiani alijua kinachomngoja nyumbani. Kreti ilirudi kiwandani, chupa ikaoshwa, ikajazwa tena. Hakukuwa na mwokota chupa za soda kwa kuwa hazikuokoteka. Zilikuwa na mwenyewe. Chupa ya plastiki ilikuja bila rehani, na gharama ya kuirudisha ikahamia kwa mtaro, kwa halmashauri, na kwa mgongo wa yule mama. Kudai rehani kwenye kila kopo ni kurudisha utaratibu ambao viwanda vyenyewe viliuendesha kwa miongo.

Ndicho kiini cha mvutano kwenye mkataba wa dunia wa plastiki pia. Azimio la kuuandaa lilipitishwa Nairobi, Machi 2022. Busan mwishoni mwa 2024 hawakukubaliana, Geneva Agosti 2025 hawakukubaliana tena. Upande mmoja unataka utengenezaji wenyewe uwekewe mpaka; upande mwingine, wenye mafuta, unataka mkataba uzungumzie usafi tu. Nimeshasimama kwenye mizani ya kutosha kujua niko upande gani. Hakuna idadi ya waokotaji itakayolifikia bomba lililoachwa wazi.

Na urejelezaji wenyewe unaweza kuua. Owino Uhuru, Mombasa, kiwanda kilichoyeyusha betri chakavu za magari kupata madini ya risasi kilikuwa ukuta kwa ukuta na nyumba za watu. Watoto waliugua, mimba zikaharibika. Phyllis Omido, aliyekuwa amefanya kazi mle na mwanawe akadhurika, aliongoza madai. Mwaka 2020 mahakama iliamuru walipwe shilingi bilioni 1.3 za Kenya. Rufaa ikaupindua uamuzi. Desemba 2024 Mahakama ya Juu ikaurejesha. Naitaja kesi hii kwa sababu kila paa linalowekwa sola leo lina betri itakayochoka, na anayezipasua betri uani kwa nyundo anajiita, kwa haki kabisa, mrejelezaji.

Uani kwetu tuko kaya nne. Tangu mwaka jana tuna vyombo vitatu. Ndoo yenye kifuniko ni ya vinavyooza, na jirani anayefuga kuku na bata huipitia kila asubuhi. Hajawahi kukosa siku. Kiroba kimoja ni cha makopo, maboksi na vyuma, vikavu, chupa zimesuuzwa kwa maji ya mwisho ya kuoshea vyombo. Kinabebwa na kijana wa guta kila Jumamosi, na mizani ya Tabata haijakipunguza hata kilo. Viroba vinne tulivyokuwa tukimpa mwenye gari kila wiki vimekuwa kimoja, na ndicho chombo chetu cha tatu. Ndani yake mna pampasi, vifuko vya karanga na ubuyu, pakiti za sabuni zenye karatasi ya fedha ndani, wembe, taulo za kike, kandambili zilizokatika. Nimewauliza wanunuzi watatu. Hakuna anayevichukua. Hivyo bado vinakwenda Pugu.